Bwana Webmaster

Madam Warigia alikuwa na tabia ya kusoma makosa ya watu kwa sauti, na Jumamosi hiyo zamu ilimwangukia Mwalimu Katunge.

"Webmaster, B.," akasoma, orodha ya marejeo ya projekti ya mwalimu huyo ameiinua usawa wa macho. "Mwaka wa 1999, tarehe nne Oktoba." Akapaza sauti ili utamu uwafikie hata waliokaa nyuma. "Sasa walimu, leo tuko mwezi gani?"

"Mei!" darasa zima likaitikia. Walikuwa watu wazima wote, walimu wa shule za msingi waliokuja Ruiru kila Jumamosi kusomea diploma ya elimu ya watoto walemavu, lakini ukimweka mwalimu kwenye dawati anarudi mtoto papo hapo.

"Mei. Na Mwalimu Katunge amesoma kitu cha Oktoba. Mwalimu, hiyo Oktoba ulifika na gari gani?"

Wakacheka. Katunge akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa mguu kanisani.

"Na huyu B ni nani? Benjamin? Bernard?"

Angeweza kudanganya. Angesema Benjamin na mambo yakaishia hapo. Lakini Katunge alikuwa mkweli kwa mazoea, hata mahali ambapo ukweli haujaombwa.

"Ni Bwana, Madam. Bwana Webmaster."

Hapo ndipo darasa lilipovunjika mbavu kabisa. Mulei, mwalimu wa kutoka Mwala aliyekuwa akikaa kando yake, alilaza paji la uso kwenye dawati, mabega yakimtikisika. Katunge hakuelewa kilichochekesha. Karatasi alizochapiwa kutoka kwenye intaneti zilikuwa zimeandikwa chini kabisa, kwa Kiingereza, kwamba mwenye swali amwandikie Webmaster. Yeye alifundishwa kusoma na wanaume walioitwa masta fulani na masta fulani, kwa hivyo mtu kuitwa Webmaster hakukumshangaza hata kidogo. Alidhani ni mwalimu mzee, huko kwao.

Darasa lilipotoka, Madam Warigia alimbakisha. Alikuwa msichana kwa Katunge, umri wa kuwa mdogo wake wa mwisho, na bila hadhira alikuwa mpole.

"Mwalimu, usiniwekee kwa roho. Hiyo sura ya tatu ndiyo nzuri kwa projekti yote. Nimeisoma mara mbili. Lakini external examiner, yule mtahini wa nje, anakuja. Akiuliza nani aliandika, nani alichapisha, wapi, mwaka gani, utamwambia nini?"

"Na nikikosa kupata?"

"Tutaitoa."

"Ukiitoa, kinabaki nini?"

Madam Warigia akazipanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. "Kusema ukweli, hakibaki kitu. Utarudia mwaka ujao."

Mwaka ujao ulikuwa mbali sana. Shule yake pale Kamenu, Thika, ilikuwa inafungua darasa la watoto viziwi muhula ule uliokuwa unakuja, na mwalimu mkuu, Bwana Mwanzia, alikuwa amemwambia waziwazi kwamba darasa ni lake akiwa na diploma. Asipokuwa nayo, litachukuliwa na mtu mwingine.

"Jumamosi ijayo," Madam akasema. "Zaidi ya hapo siwezi kukusaidia."

*

Nyumbani kwake Kamenu, Katunge aliishi na mumewe Muoki, na masikio ya Muoki yalikuwa yamekufa. Yaliuliwa na mashine za kufuma katika kiwanda cha nguo, taratibu, mwaka baada ya mwaka, na kiwanda kilipofunga milango kila mtu alirudi nyumbani na chake. Muoki alirudi na mlio ndani ya kichwa uliomzuia hata kusikia mvua kwenye mabati. Binti yao, Kavindu, alikuwa ameolewa Gitothua, na tangu aondoke nyumba ilibaki na watu wawili na maneno machache sana.

Muoki alikuwa anapaza sauti akiongea, kwa sababu hakujisikia. Jirani yao Zainab, aliyekaanga mahamri upande wa pili wa ukuta, aliyajua mambo yote ya nyumba hiyo kwa sehemu ya Muoki tu. Majibu ya Katunge hakuyasikia. Mara nyingi hayakuwapo.

Jioni hiyo Katunge alitandaza karatasi zake mezani akaanza kuzikagua upya, ukurasa kwa ukurasa, akitafuta jina. Kichwa cha habari kilikuwa kikubwa na kizuri: jinsi ya kuishi na mtu asiyesikia. Chini yake kulikuwa na maagizo mafupi mafupi. Mguse bega kabla hujaanza kuongea. Simama upande wenye mwanga akuone midomo. Usipige kelele, kelele inakunja uso. Na moja ambalo Katunge alilipenda kuliko yote, akaliandikia kurasa mbili katika projekti yake na kutiliwa alama ya sahihi kwa wino mwekundu: akikuuliza umesema nini, usimjibu "wacha tu" hata siku moja.

"Unatafuta nini?" Muoki akauliza kutoka kwenye kiti chake.

"Jina la mwandishi."

"Ati?"

"Jina. La mwandishi."

"Ati nani amekuja?"

"Wacha tu," Katunge akasema, bila kuinua kichwa.

Wala hakujisikia akilisema. Tunaposoma jambo kwenye karatasi huwa tunadhani linahusu watu wa mbali.

Muoki hakuuliza tena. Siku hizo alinyamaza sana. Alikuwa ameacha kwenda kanisani kwa sababu alisimama wengine walipoketi. Alikuwa ameacha kwenda kwenye bucha alikopenda kupigia gumzo, kwa sababu vijana wa pale walibuni mchezo: wanachezesha midomo bila kutoa sauti, naye anajibu alichodhani ameulizwa, nao wanaanguka kwa kicheko. Alijibu salamu tatu kabla ya kugundua. Jambo hilo hakumwambia mkewe, na mkewe hakuuliza kwa nini siku hizi anaachiwa yeye kununua nyama.

"Nafikiria kuenda nyumbani Yatta!" Muoki akasema baadaye, kwa ile sauti yake ya kiwandani. "Ua imeanguka! Ng'ombe za watu zinaingia kwa shamba!"

Katunge alikuwa amefika mwisho wa ukurasa, mahali palipoandikwa herufi ndogo kama sisimizi. Akasema sawa kwa midomo na kwa kichwa, kama anavyowajibu watoto wa darasa la kwanza wanaoomba ruhusa ya kwenda msalani.

Muoki alingoja. Alitaka aulizwe atakwenda lini, atarudi lini, atakula nini huko. Hata angekatazwa angefurahi. Karatasi ikafunuliwa. Basi akaenda kulala, na upande wa pili wa ukuta Zainab akasikia mlango wa chumba ukifungwa.

*

Duka la kompyuta la Ajwang lilikuwa mjini Thika, orofa ya kwanza, juu ya duka la mbolea, na intaneti yake ilipitia kwenye waya wa simu kwa mwendo wa mtu anayepanda mlima na mzigo. Ajwang alikuwa Mjaluo mnene, mcheshi, aliyependa kuwaeleza wateja mambo kwa mifano ya nyumba, kwa sababu alikuwa mpangaji maisha yake yote.

"Kwanza hii tarehe," akasema, akaweka kidole chini ya karatasi. "Hii si nne Oktoba. Kompyuta inaandika Kiamerika, mwezi unatangulia. Ni Aprili tarehe kumi. Sasa jiulize, Aprili tarehe kumi ulikuwa wapi?"

Katunge akafikiri. Ilikuwa likizo. "Nilikuwa hapa kwako."

"Ndiyo siku nilikuprintia! Hiyo ni tarehe ya printa yangu, mwalimu. Haihusiani na mwenyewe aliyeandika."

"Woi. Na Webmaster?"

"Webmaster si jina, ni kazi. Ni mtu wa kuangalia website. Ni kama caretaker wa ploti, mtu wa kumwangalizia landlord nyumba zake za kupanga."

Katunge akaketi vizuri. Sasa ndipo aliposikia kicheko cha darasa kwa maana yake, na uso ukamwaka moto upya.

"Kwa hivyo nimeandika kitabu kimetungwa na caretaker."

"Ee. Lakini usijali. Caretaker ndiye anajua landlord. Tumwandikie tumuulize."

Wakaufungua ukurasa wenyewe na kuupekua juu hadi chini. Hakukuwa na jina la mtu, wala la kampuni, wala mwaka. Wakabonyeza kila kilichokuwa na rangi ya buluu, na kila kimoja kiliwarudisha walikotoka. Ajwang akafungua barua pepe ya duka, akampa kiti chake.

Katunge alichapa kwa kidole kimoja. Alianza kwa kutumaini kwamba barua hiyo itamkuta Webmaster salama wa afya, kama wao huku Thika walivyo salama.

"Mwalimu, email inakuwanga fupi. Dakika zinaenda."

"Simjui, hanijui. Nitaanzaje kumuuliza mambo yake bila salamu?"

Ajwang akamwachia. Katunge akaeleza kwamba yeye ni mwalimu, anaandika projekti, ametumia maneno ya ukurasa huo na angependa kumtaja mwenyewe kwa haki. Nani aliandika? Nani alichapisha? Mji gani? Mwaka gani? Akamshukuru mapema, akaandika jina lake kamili, na la shule.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne akapita baada ya kazi. Hakukuwa na kitu. Jumatano vilevile. Ajwang alianza kumtikisia kichwa kutoka juu mara amwonapo chini ya ngazi, kumwokoa na kupanda. Kila jioni aliporudi nyumbani, Katunge alikuta Muoki amekaa palepale, akamwekea chakula, akakaa upande wa pili wa meza na karatasi zake. Muoki alimtazama. Alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye kiondo kilichokuwa nyuma ya mlango wa chumba, na alikuwa anangoja mkewe akione.

*

Alhamisi Ajwang alikuwa amesimama juu ya ngazi.

"Caretaker amejibu!"

Ilikuwa barua ndefu kuliko ya Katunge. Aliisoma polepole, Ajwang akimsaidia palipokuwa na Kiingereza cha mitaani. Aliyejibu alikuwa mzee aitwaye Orville Stamm, wa mji mdogo huko Kanada, na alikuwa amefanya kazi maisha yake yote katika kiwanda cha kupasua mbao.

"Webmaster ni mimi," aliandika, "maana hapa hakuna mwingine. Lakini mwandishi si mimi. Mwandishi ni mke wangu, Edith Stamm. Aliyaandika mwaka wa 1994 akayabandika kwenye ukuta wa jikoni, ili watu wanaokuja kwetu wajue kuongea na mimi. Alifariki. Niliogopa karatasi itachakaa, basi nikajifunza kompyuta nikayaweka hapa, Februari 1997. Unauliza mchapishaji. Hakuna kampuni, mama. Niliyachapa mwenyewe, mezani pangu. Ukitaka mji, andika huu wangu."

"Umepata yote!" Ajwang akapiga makofi. "Jina, mwaka, mji, mchapishaji! Kwisha maneno!"

Lakini barua ilikuwa inaendelea.

"Hilo la 'wacha tu' aliliongeza mwisho kabisa. Nilikuwa nimeacha kuuliza. Kila nikiuliza aliniambia wacha tu, si kitu, basi nikaona si lazima niulize. Tulikaa chumba kimoja karibu miaka miwili hivyo. Yeye alidhani nimekuwa mkaidi. Mimi nilidhani amenichoka. Sijui nani angeanza kumsemesha mwenzake kama asingeugua. Walimu huwa hawaniandikii. Wanaoniandikia ni wake za watu na waume za watu. Kwako asiyesikia ni nani?"

Ajwang akasoma mstari huo wa mwisho kwa sauti, kisha akakohoa, akaenda kupanga karatasi za printa ambazo hazikuhitaji kupangwa. Katunge alikaa akitazama kioo cha kompyuta. Alijisikia kama mtu aliyeitwa kwa jina lake katikati ya soko la mji asikojulikana.

"Utamjibu?" Ajwang akauliza.

"Nitamjibu. Acha kwanza nifike nyumbani."

Alitembea upesi, karibu kukimbia, jambo ambalo halikumfaa mwanamke wa umri wake na viatu vile. Njiani alikuwa ameshapanga: atamgusa bega, ataketi mbele yake, atamsimulia yote tangu Oktoba ya uongo hadi mzee wa mbao, na akiulizwa ati, atarudia hata mara kumi.

Mlango ulikuwa na kufuli. Zainab akatokea na ufunguo, mkono una unga.

"Baba Kavindu amenipa hii nikupe. Ameenda Yatta."

"Ameenda lini?"

"Saa nane hivi. Nilimwambia kwa ishara, ngoja kwanza mwenzako arudi muagane. Akasema alishakwambia, nawe ukasema sawa." Zainab akamtazama. "Kwani hukujua, Mama Kavindu?"

"Nilijua," Katunge akasema. Ndio uongo wake wa kwanza juma hilo, na haukumsaidia.

Ndani kila kitu kilikuwa mahali pake. Muoki hakuwa mtu wa vitu vingi. Katunge alikaa mezani bila kuwasha taa, na kwa mara ya kwanza akasikia jinsi nyumba hiyo ilivyokuwa kimya, kimya ambacho mumewe alikuwa anakaa ndani yake kutwa kucha. Akatoka hadi kwenye kibanda cha simu karibu na shule, kwa sababu huko Yatta kulikuwa na mwenye duka mwenye simu. Alipoinua mkono wa simu ndipo akakumbuka. Angesema nini, na kwa sikio lipi? Mwenye duka angempigia Muoki kelele mbele ya wateja wote: mke wako anasema hivi, mke wako anasema vile. Akaurudisha mkono wa simu mahali pake.

*

Jumamosi Madam Warigia aliisoma orodha kimya, akifuata kwa kalamu. Alifika kwa Stamm, Edith, akasimama.

"Hii umeipata wapi?"

"Nilimwandikia mwenyewe. Mumewe."

"Kanada?" Madam akavua miwani. "Haiya. Mwalimu, mimi sikufikiria mtu anaweza fanya hivyo. Nilidhani utatafuta tu kitabu kingine." Akaweka alama ya sahihi, kubwa. "Imepita. External hana la kusema hapa."

"Na hii barua yake? Anasema mambo ambayo ukurasa haujasema. Naomba kuiweka pia."

"Itaje ndani ya sura, kwa mabano. Kwa orodha haiingii."

"Kwa nini?"

"Ndivyo sheria iko. Orodha ni ya vitu mtu mwingine anaweza enda akatafuta akasoma. Barua ni ya watu wawili, hakuna mwingine ataipata." Akafunga projekti. "Hongera, mwalimu."

Mulei akampigia makofi, na darasa likamfuata. Walikuwa watu wema. Juzi walicheka na leo walishangilia, vyote kwa moyo mmoja. Bwana Mwanzia, Katunge alipopita kwake jioni kumpa habari, alimpa mkono akasema darasa ni lake, aanze kufikiria madawati. Zainab alisema mashallah, akamfungia mahamri kwenye gazeti, akarudi kwenye karai lake kwa sababu mafuta yalikuwa yanaungua. Basi. Hao ndio watu wote aliokuwa nao wa kuambia. Kavindu angefurahi, lakini Kavindu angemuuliza baba anasemaje.

Katunge alikula hamri moja amesimama. Mezani palikuwa na viti viwili, na hakuweza kuketi kwenye chake.

*

Kesho yake asubuhi hakwenda kanisani. Alishuka basi Matuu akaingia njia ya vumbi ya Yatta kwa miguu, viatu mkononi, akiwaamkia watu waliomkumbuka na wasiomkumbuka. Shemeji yake Muthoka, aliyekuwa anachunga mbuzi kando ya njia, alimwona akashtuka.

"Mama Kavindu! Kuko salama?"

"Kuko salama. Yuko wapi?"

"Kwa ua. Tangu afike ni kazi tu, hata kuongea haongei." Muthoka akamkagua kutoka kichwani hadi kwenye miguu iliyojaa vumbi. "Una hakika kuko salama?"

Muoki alikuwa amempa mgongo, anafunga matawi ya miiba kwenye nguzo kwa kamba ya katani. Shati lilikuwa limelowa jasho. Alikuwa amekonda, au labda alikuwa amekonda zamani na Katunge hakuwa ameangalia. Akazunguka ua wote, akapitia kwenye mwanya ambao ng'ombe walikuwa wameufanya, mwiba ukamshika sketi ukaichana, akatokea mbele yake.

Muoki aliinua macho. Kamba ikamponyoka.

"Nani amekufa?" akauliza.

Katunge akatikisa kichwa.

"Ni Kavindu? Ni mtoto wa Kavindu?" Sauti yake ilivuka shamba, Muthoka akageuka huko njiani. "Niambie tu, mimi ni mwanamume! Ni nani?"

"Hakuna mtu amekufa."

"Ati?"

"Hakuna." Akasema polepole, midomo ikifunguka vizuri. "Wote wako wazima."

Muoki akamtazama midomo, kisha miguu yenye vumbi, kisha sketi iliyochanika. Alikuwa anajaribu kukisia, kama alivyozoea kukisia kila kitu, na safari hii hakupata hata pa kuanzia.

"Sasa umekuja kuona nani?"

Katunge akainua kidole akamnyooshea kifuani.

Muoki akageuka, akatazama nyuma yake, aone ni nani aliyesimama hapo.